Kariakoo ni ya nani?

Wadau, ukimuuliza kijana wa Bongo jina Kariakoo limetoka wapi, wengi watakwambia "si soko tu lile". Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo baada ya Dar kutekwa mwaka 1916. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Halafu nenda kaitazame Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale mjini: aliyesimama juu ni mwenye bunduki, si mbeba mzigo!

Wajerumani walikuwa wameshapima mitaa, na eneo likawa la Waafrika. Watu wakajenga nyumba za Kiswahili: ukoridoo katikati, vyumba sita, uani nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anapangisha, na barazani kuna cherehani ya mtu. Mjini hapa, mtu mwenye chake hasubiri mshahara wa mkoloni, na nadhani ndiyo maana siasa ilishika Kariakoo mapema. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alikuwa msimamizi wa soko hilo hilo. Ofisi ya TANU ilikuwa New Street, ambayo leo ni Lumumba.

Jambo ambalo halisemwi sana ni la mwaka 1971. Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, sheria ililenga yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Maghorofa ya Wahindi yakachukuliwa. Nyumba za udongo na bati za Kariakoo, nyingi hazikufikia kiwango hicho, zikabaki kwa wenyewe. Umaskini wa jengo ukaokoa kiwanja.

Soko jipya, lile lenye paa kama miavuli, lilichorwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Ile miavuli si mapambo tu, ilikusudiwa kukinga maji ya mvua. Kwangu ni jengo zuri kuliko vioo vyote vilivyokuja baadaye.

Kisha biashara ikalegezwa miaka ya 1980, na kuanzia miaka ya 1990 ghorofa zikaota. Mzee ana kiwanja, hana hela; mwekezaji anajenga, wanagawana sakafu. Wengine waliuza moja kwa moja wakahamia Mbagala. Chini zikaja fremu, na fremu zikaja na madalali na kilemba. Kijana aliyekuwa akianzia barazani sasa anaanzia barabarani, akifukuzana na mgambo.

Tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaporomoka asubuhi, wakafa watu zaidi ya 20, na Waziri Mkuu Majaliwa akaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo zima. Mwaka 2025 Serikali ikazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo. Wengi walishangilia. Mimi sikushangilia sana, maana kilemba hakiulizi pasipoti; mwenye fremu Mtanzania naye anajua kukamua.

Wapo wanaotaka nyumba chache za Kiswahili zilizobaki zihifadhiwe kama makumbusho. Sawa, mbili tatu zihifadhiwe. Lakini Kariakoo ilikuwa mahali pa mtu kuingia na mtaji wa karanga akatoka na duka, na hilo haliwekwi kwenye kabati la vioo. Mikataba ya kugawana sakafu iandikwe kwa Kiswahili, mzee awe na wakili wake, na kilemba kipigwe marufuku kwa sheria yenye meno. Mzee anayeingia ubia leo asaini kitu ambacho wajukuu wake wataweza kukisoma.