Maneno ya Mwingine Kinywani Mwangu: Sala na Mahubiri Kama Usomaji wa Ibada

Mwezi Agosti mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wa Hippo katika pwani ya nchi ambayo leo ni Algeria, askofu wa mji huo alikuwa kitandani akiugua homa. Augustino alikuwa amehubiri kwa karibu miaka 40. Possidius, rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba mgonjwa aliagiza zaburi chache za toba zinakiliwe na kuwekwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma huku akilia. Siku kama kumi kabla ya kufa aliomba mtu asiingie chumbani isipokuwa wakati wa tabibu au wa chakula. Huyu ndiye aliyeandika *Maungamo*, kitabu ambacho tangu mwanzo hadi mwisho ni mtu anayesema na Mungu. Kama kuna Mkristo ambaye hakupungukiwa maneno yake mwenyewe ya kuombea, ni yeye. Hata hivyo mwisho wake ulipokaribia aliomba kwa maneno ya mwingine, tena kwa kuyasoma.

Katika vyuo vyetu, sala na mahubiri ya kale husomwa kama ushahidi: mhubiri aliamini nini, wasikilizaji wake walikuwa watu wa tabaka gani, alibishana na nani. Katika makanisa yetu mengi hayasomwi kabisa, maana mahubiri ni ya kusikilizwa na maombi ni ya kutamkwa papo kwa papo. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinaupoteza utanzu huu, ambao uliandikwa ili utendwe. Ninachodai ni hiki: thamani ya kusoma sala na mahubiri kwa ibada iko hasa katika ugeni wa maneno yenyewe. Kwa kuwa hayakutoka kwetu, hutuungamisha dhambi ambazo tusingezitaja na kutuombesha mambo ambayo tusingeyataka.

Mizizi ya hoja hii ni ya kale. Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyefariki mwaka 373, alimwandikia mtu aitwaye Marcellinus barua ndefu kuhusu zaburi. Katika vitabu vingine vya Maandiko, alieleza, msomaji anajua kwamba habari ni za watu wengine: Musa alisema, Eliya alitenda. Zaburi hazimwachi hivyo. Azisomapo, maneno yanakuwa yake na anajiona ndani yake kama kwenye kioo. Maelezo haya ni ya kiroho, lakini pia ni uchambuzi makini wa lugha. Kitenzi kilicho katika nafsi ya kwanza hakina mwenyewe mpaka mtu akitamke. Asemaye kwa sauti kwamba amekosa, na akamaanisha, hawezi kubaki mtazamaji.

Mfano bora zaidi ninaoujua wa sala zilizoandikwa kwa kusudi hili ni zile za Anselmo, mmonaki wa abasia ya Bec huko Normandy, ambaye mwaka 1093 alifanywa askofu mkuu wa Canterbury. Wanafalsafa humjua kwa hoja yake ya kuwapo kwa Mungu, nao mara nyingi husahau kwamba enzi zake sala zake zilisambaa mbali. Alimpelekea baadhi Adelaide, binti wa mfalme William aliyeiteka Uingereza, na mwaka 1104 akazipeleka kwa Matilda, mtawala wa Toscana. Kwenye dibaji anaeleza jinsi ya kuzisoma. Zisisomwe katika makelele, asema, bali katika utulivu. Zisipitiwe haraka, bali kidogo kidogo na kwa kutafakari. Msomaji asihangaike kumaliza sala yoyote. Asome kiasi kinachotosha kumwamsha aombe, kisha aache. Hana haja hata ya kuanzia mwanzo, na ndiyo sababu sala zimegawanywa katika aya, ili aanze na kuishia popote apendapo.

Maagizo haya yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu yanageuza uhusiano wa kawaida kati ya mwandishi na msomaji. Mwandishi wa hoja hutaka afuatwe hatua kwa hatua hadi hitimisho, na Anselmo mwenyewe alijua kuandika hivyo kuliko wengi. Hapa anafurahi kuachwa njiani. Maandishi yamefanikiwa pale msomaji anapoinua macho kutoka kwenye ukurasa na kuanza kusema na Mungu. Hata nafasi kati ya aya na aya ni sehemu ya mafundisho.

Katika mkusanyiko huo mna sala kwa ajili ya maadui. Mtu akiachiwa maneno yake mwenyewe, atawaombea adui zake mara chache sana, na atakapofanya hivyo, mara nyingi ataomba washindwe, waaibike, au angalau wahamishiwe mbali. Anselmo anamwekea msomaji ombi la namna nyingine: lolote jema ambalo Mungu anamfanya alitake kwa ajili ya adui zake, wapewe wao na arudishiwe yeye, na kama kwa udhaifu, kwa kutojua au kwa nia mbaya ameomba juu yao jambo lililo nje ya upendo, wasipewe wala asirudishiwe. Maneno hayo yanamfunga mwenye kuyasema. Amefungamanisha heri yake na heri ya mtu asiyemtakia heri, na amekiri kwamba maombi yake yenyewe yanaweza kuwa na sumu. Sidhani kuna mwenye uchungu angeyatunga usiku ule ule alioumizwa. Ila anaweza kuyasoma, nusu yake akipinga, na kwa kuyasoma akaanza kuyataka.

Pingamizi la kwanza linajulikana, na lina uzito. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na waumini wengi wa Afrika Mashariki wanaiona sala ya kitabuni hivyo. Maombi ya kweli, wasema, hutoka moyoni. Msimamo huo ulipata nguvu katika Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walichoshwa na ibada iliyosomwa kwa midomo huku maisha yakiwa yale yale. Walidai toba yenye majina na matukio, mbele ya wenzao, nao walikuwa na haki ya kudai. Ibada ya kitabu bila moyo ni hatari ya kweli, na anayetetea vitabu vya sala asijifanye haioni.

Lakini tuwatazame ndugu hao wenyewe wakiwa wamekusanyika. Mtu akimaliza kutoa ushuhuda, walipasuka kuimba *Tukutendereza*, wimbo wa Kiganda ulioimbwa hata na watu wasiojua Kiganda. Yalikuwa maneno yale yale kila mara, nayo hayakutungwa na aliyeshuhudia. Mtu alitoa siri ya maisha yake kwa maneno yake, kisha furaha ilipozidi uwezo wake wa kusema, akashika maneno ambayo wote waliyajua kwa moyo. Maneno ya kuazima yalibeba moyo wake vizuri kabisa. Na maombi ya papo kwa papo nayo, kwa yeyote aliyehudhuria mikesha, yana mafungu yake yanayorudiwa na mtiririko wake unaotabirika. Mwombaji mchanga huyajifunza kwa kuwasikiliza wakubwa. Swali basi ni nani ametufundisha kuomba, na kama alikuwa mwalimu mzuri.

Anselmo ana jibu jingine kwa pingamizi hilo. Katika barua kwa rafiki yake Gundulf anaeleza kwamba ndugu mmoja alimwomba atunge sala kuu kwa Bikira Maria. Aliandika, haikuridhisha. Akaandika ya pili, nayo haikutosha. Ya tatu ndiyo iliyokubalika. Sala hizo zinasikika kama mtu aliyeanguka kifudifudi akilia, na hakuna unafiki hapo. Kuutafutia moyo maneno yanayolingana nao ni kazi, na wengi wetu tukiwa na homa, msiba au aibu hatuna nguvu ya kuandika mara tatu. Kuna aliyetufanyia kazi hiyo.

Kitabu cha sala cha Waanglikana kina ushahidi wa jambo hili. Ile sala fupi mwanzoni mwa Ushirika Mtakatifu, inayomwomba Mungu asiyefichwa neno asafishe mawazo ya moyo, ilikuwa katika Uingereza ya zama za kati miongoni mwa sala za padri alipojiandaa kwa misa. Mwaka 1549 Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Canterbury, aliiweka kwa Kiingereza mbele ya kusanyiko zima. Maandalizi ya siri ya padri yakawa ya mkulima na mjakazi. Kwa njia hiyo hiyo yalifika kwa wasemaji wa Kiswahili, baada ya wamisionari Waanglikana wa UMCA kutia nanga Zanzibar mwaka 1864 na kuanza kuzitafsiri ibada zao. Leo mwanamke wa Masasi anayeijua kwa moyo ameshika ombi lililosafiri karne nyingi, na halipungukiwi ukweli kwa sababu si yeye aliyelitunga.

Mahubiri ni jambo jingine. Sala humpa msomaji nafsi ya kwanza. Mahubiri humweka katika nafsi ya pili. Anayeyasoma kwa ibada hukubali kuambiwa, na huo ni unyenyekevu mgumu zaidi. Kanisani ni rahisi kuwaza kwamba neno limemlenga aliyeketi benchi la mbele. Nyumbani, kitabu kikiwa mkononi, hakuna benchi la mbele.

Ni kweli kwamba mahubiri yaliyochapwa yamepoteza sauti, uso na vicheko. Hata hivyo yamehifadhi mengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu mahubiri mengi ya Augustino yalinakiliwa na waandishi wa hatimkato alipokuwa akisema. Siku moja alikuwa amejiandaa kueleza zaburi fupi. Msomaji wa kanisani akachanganyikiwa, akasoma nyingine, ile ambayo ni ya 139 katika Biblia zetu nyingi. Augustino aliwaambia watu wazi yaliyotokea, akasema afadhali kufuata mapenzi ya Mungu katika kosa la msomaji kuliko mapenzi yake mwenyewe katika mpango wake, kisha akaihubiri zaburi hiyo ndefu bila maandalizi. Ukisoma hilo leo unaona mtu akitii mbele ya macho yako, na kabla maelezo ya zaburi hayajaanza umekwisha kufundishwa.

Kanisa la kale nalo halikudharau mahubiri yaliyosomwa. Caesarius, askofu wa Arles kusini mwa Ufaransa ya leo, alisambaza nakala za mahubiri ili yasomwe mahali ambapo hakuna wa kuhubiri, na mtaguso wa Vaison wa mwaka 529 uliagiza kwamba padri akiwa mgonjwa mashemasi wasome homilia za Mababa wa Kanisa. Kigango ambacho padri hufika mara chache na katekista huongoza ibada ya Neno kitaielewa kanuni hiyo mara moja.

Hapa kuna ugumu ambao siwezi kuuruka. Yohane Krisostomo, alipokuwa padri Antiokia, aliwahubiria watu wake juu ya tajiri na Lazaro kwa namna inayochoma hata sasa: kutowagawia maskini mali yako ni kuwaibia. Katika mahubiri hayo hayo aliwajibu waliosema kwamba kusoma Maandiko ni kazi ya watawa, wao wana wake, watoto na biashara. Ninyi, aliwaambia, mnahitaji dawa zaidi kwa kuwa mnajeruhiwa kila siku. Lakini kinywa hicho hicho, mwaka 386 na 387, kilitoa mahubiri manane yaliyowatukana Wayahudi vibaya sana, ili kuwazuia Wakristo wa Antiokia wasihudhurie sikukuu zao. Baadaye Ulaya iliyatumia kuhalalisha chuki. Ikiwa msomaji wa ibada anajitia mikononi mwa mhubiri, atajikingaje?

Jibu la kusema kwamba mahubiri hayo yaachiwe wanahistoria halinitoshelezi, kwa sababu linamwachia msomaji wa ibada imani kwamba vilivyobaki vyote ni salama. Usomaji wa ibada haukuwahi kudai kusalimisha akili. Uhuru ambao Anselmo aliutoa, wa kuacha popote, ni pia uhuru wa kukataa kuendelea. Isitoshe, Mkristo anayeomba zaburi anatamka maneno ya Wayahudi. Hawezi kuchukua sala zao na kulaani kinywa zilikotoka. Afikapo kwenye ukurasa wa namna ile, kilichobaki kwake ni kuomba kinyume cha anachokisoma, na kujiuliza ni chuki gani mimbari ya kanisa lake leo inaipaka utakatifu. Mwanahistoria anaweza kutuambia kwa nini Krisostomo alisema vile. Kutubu ni kazi ya msomaji.

Kwa hiyo idara za teolojia na za fasihi katika vyuo vyetu zina kazi ya pamoja. Tafsiri mpya za Mababa zinahitajika, kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti, zenye aya fupi na dibaji isemayo wazi palipo na sumu. Zaidi ya hapo, mahubiri mengi yaliyohubiriwa kwa Kiswahili hayakuwahi kuchapwa. Yamo katika kanda, katika daftari za wachungaji waliostaafu, na siku hizi katika simu za waumini, yakifutwa kila nafasi inapojaa. Augustino alikuwa na waandishi wa hatimkato. Sisi tuna vinasa sauti na wanafunzi wa shahada wanaotafuta mada. Waanze na wahubiri walio hai, ambao bado wanaweza kuulizwa walichomaanisha.