Harrier na Lexus: kampuni moja, majina mawili, bei mbili

Hapa Mjambere kuna mabishano yasiyokwisha. Kaa gereji yoyote ya upande huu wa Kisauni, hutakosa kumsikia kijana akimwambia mwenye gari: "Ami, hii yako ni Lexus, bandika nembo tu." Na wengine hubandika. Ile herufi L inauzwa madukani kwa spea ikiwa na gundi yake nyuma, na kwa dakika tano Harrier imepanda daraja. Siku ya kuiuza, bei nayo imepanda. Anayeumia ni mnunuzi, ndiyo maana nimeona niyaeleze haya kwa kituo.

Tuanze na chimbuko lake. Mwaka 1981 Japani ilikubali kuweka kikomo cha idadi ya magari inayopeleka Marekani. Ukiambiwa usiuze mengi, njia iliyobaki ni kuuza ya ghali. Tatizo lilikuwa jina. Kwa Mmarekani wa wakati ule, Toyota ilikuwa vile Probox ilivyo kwetu: haifi, hainywi mafuta sana, inabeba chochote, lakini huiendei harusini kumchukua bibi harusi. Tajiri aliyezoea Mercedes hangeingia duka lile lile linalouza Corolla.

Honda ndiyo iliyotangulia, ikaanzisha Acura mwaka 1986. Mwaka 1989 Toyota ikaleta Lexus na Nissan ikaleta Infiniti. Kilichotenganishwa hakikuwa nembo pekee. Lexus ilipewa maduka yake, wauzaji wake na huduma yake. Mwisho wa mwaka ule ule ilionekana gari lao la kwanza, LS 400, lina kasoro ndogo ndogo. Wauzaji wakawafuata wateja majumbani, wakayachukua magari, wakayatengeneza na kuyarudisha. Kwa maoni yangu pale ndipo jina lilipojengwa, zaidi ya kwenye matangazo yote.

Sasa hapa ndipo panapotuhusu sisi wa bandarini. Japani kwenyewe Lexus haikuuzwa mpaka mwaka 2005. Kabla ya hapo magari yale yale yaliuzwa kwa Wajapani kama Toyota: LS iliitwa Celsior, GS ikaitwa Aristo, IS ikaitwa Altezza. Harrier ilitoka Japani mwisho wa 1997, na mwaka uliofuata ikauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Na kwa kuwa sisi hununua mitumba ya Japani, tukazipokea kwa majina ya kwao. Zile Altezza zilizotingisha barabara ya Malindi miaka ile zilikuwa Lexus kwa mtu wa London.

Kwa hivyo kijana wa gereji ana ukweli wake, lakini nusu. Harrier za vizazi viwili vya mwanzo ni ndugu wa RX, mwili mmoja na spea nyingi zinaingiliana. Ila Harrier iliuzwa pia na injini ya silinda nne, kama ile ya lita 2.4 ambayo mafundi wetu wanaijua kwa macho yaliyofumbwa. RX 300 ya Marekani ilikuwa na V6 peke yake. Halafu mwaka 2013 Harrier ilitengana kabisa. Ile mpya ilijengwa juu ya msingi wa RAV4, nayo RX ikaendelea na njia yake. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, Harrier zinazoshuka Kilindini siku hizi ni hizo za baada ya kutengana. Anayekuambia Harrier ya 2018 ni Lexus iliyobadilishwa jina anakuuzia hadithi.

Si kila kampuni iliona haja ya jina la pili. Volkswagen mwaka 2002 ilitoa gari la kifahari kwelikweli, Phaeton, likiwa na nembo ya kawaida ya VW. Lilikuwa zuri, hata Bentley Continental ilijengwa kwa msingi mmoja nalo. Wamarekani wengi hawakulitaka, na mwaka 2006 likaondolewa soko lile. Bentley ikauzika. Chuma kinafanana, jina ndilo lililotofautiana.

Hata ndani ya Toyota yenyewe kuna kugawana. Kwa miaka mingi Japani ilikuwa na minyororo minne ya maduka ya Toyota, kila mmoja ukitaka gari lake la kujivunia. Ndiyo maana kuna Premio na Allion, Noah na Voxy, Alphard na Vellfire. Noah ina sura ya mwenye familia, Voxy ina sura ya kijana. Chini ni gari moja. Mwaka 2020 maduka yote yakaruhusiwa kuuza kila aina, na mwaka uliofuata Premio na Allion zikaachwa kutengenezwa. Hapa kwetu watu bado hulipa zaidi wapate Premio. (Sisi tunaoita kila matatu "Nissan" hata ikiwa HiAce, sidhani tuna haki ya kuwacheka.)

Jina linaingia mfukoni mapema kuliko mtu anavyodhani. KRA hukokotoa ushuru kwa orodha ya bei za magari mapya, kwa aina na modeli, kisha hupunguza kulingana na umri. Lexus iko juu kwenye orodha hiyo, basi ushuru wa asilimia 35 unaanzia juu, na VAT ya asilimia 16 inafuata. Na usitegemee binamu wa Dubai akuletee ya huko, kwani usukani wake uko kushoto na sheria yetu haikubali.

Ukitaka kununua, achana na nembo, fungua boneti. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya chesisi: herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano ACU30 na nyinginezo mbele yake. Hiyo ni Harrier ya lita 2.4, hata iwe imebandikwa L nne. RX iliyouzwa Uingereza ina herufi na tarakimu 17, nazo huanza na JTJ. Lexus iliyouzwa Japani nayo ina namba fupi, lakini kibao chake cha kiwandani hakiandiki Harrier. Kisha linganisha na logbuku. Kama logbuku inasema Toyota Harrier, lipa bei ya Toyota Harrier.