Mandhari katika Gemu za Kuigiza: Historia ya Fallout

Gemu ya kuigiza humpa mchezaji nafasi ya kuwa mhusika, kumpangia uwezo wake na kumwamulia njia ya kufuata. Aina hii ilitokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974. Gemu nyingi za mwanzo za kompyuta, kama Wizardry ya mwaka 1981, zilirithi mapango, wachawi na mazimwi yake. Mahali palikuwa hasa uwanja wa mapigano.

Mwaka 1988 kampuni ya Interplay iliachana na mazoea hayo. Gemu yake ya Wasteland iliwapeleka wachezaji katika majangwa ya Marekani baada ya vita vya nyuklia. Kwa kuwa haki za jina hilo zilibaki kwa mchapishaji, Electronic Arts, kundi la Interplay lililoongozwa na Tim Cain lilijenga ulimwengu mpya, na Fallout ikatoka mwaka 1997.

Ndani yake, vita vya mwaka 2077 vimeiteketeza dunia. Dunia hiyo ilikuwa imejengwa juu ya ndoto za Wamarekani wa miaka ya 1950: magari ya nyuklia na roboti za nyumbani, lakini televisheni bado ni za rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 2161, kifaa cha kusafishia maji kinaharibika katika handaki moja la manusura huko California, na mhusika anapewa siku 150 kutafuta kingine. Hivyo uhaba wa maji ndio unaoweka muda wa mchezo, mionzi ndiyo hatari ya njiani, na vizibo vya soda ndivyo fedha.

Uzito wa mandhari hayo ulionekana kabla gemu haijauzwa. Fallout ilianza kutengenezwa kwa kanuni za GURPS, mali ya Steve Jackson Games. Kampuni hiyo na Interplay zilipotofautiana, pamoja na mambo mengine kuhusu ukatili uliomo, kibali kikaondoka. Watengenezaji wakabuni kanuni zao wenyewe, SPECIAL, na kuzipachika katika ulimwengu uleule.

Kampuni ya Bethesda ilinunua haki za Fallout mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikatoa Fallout 3. Mapigano ya zamu yaliondolewa, mchezaji akaanza kuona kwa macho ya mhusika, na hadithi ikahamia Washington. Mahandaki, vizibo na nyimbo za zamani vilibaki. Mwaka 2010, Fallout: New Vegas ya kampuni ya Obsidian ilipeleka urithi huo katika jangwa la Mojave.

Mwaka 2024 Amazon ilitoa tamthilia ya televisheni ya Fallout. Tamthilia haina mchezaji wala kanuni, na wahusika wake wakuu ni wapya. Kilichochukuliwa kutoka kwenye gemu ni mandhari.