Batobato: kirusi kinavyoipiga chenga kinga ya muhogo

Juzi mjomba kanipigia simu toka kijijini. Batobato imerudi shambani: majani yana mabaka ya njano, yamejikunja, na mizizi ni myembamba kama vidole. Akaniuliza, "Hivi mjomba, huu mmea hauna kinga?" Kinga unayo. Ila kirusi ni mjanja.

Batobato iliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, hapa hapa kwetu, enzi za Mjerumani. Virusi vyake husambazwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tukigawana pingili zenye ugonjwa.

Kinga inafanyaje kazi? Kirusi kikiingia ndani ya seli hutoa maagizo yake kwa RNA. Maagizo ya kawaida huwa na uzi mmoja. Zikitokea RNA za nyuzi mbili, mmea unashtuka. Kimeng'enya kiitwacho Dicer kinazikatakata kuwa vipande vya herufi 21 hadi 24. Vipande vinapelekwa kwa protini iitwayo Argonaute, nayo inavitumia kama picha ya mwizi: RNA yoyote inayofanana na picha inakatwa.

Sasa chenga yenyewe. Kirusi cha batobato ya Afrika kina protini iitwayo AC4, ambayo inavidaka vile vipande visimfikie Argonaute. Askari yupo, panga analo, picha hana! Na mmea nao hutumia vipande vidogo vya namna hiyo kupanga ukuaji wake. Ndiyo maana mimea ya maabara iliyopewa jeni ya AC4 peke yake iliota na maumbo ya ajabu.

Ubaya zaidi, virusi vya batobato viko vya aina kadhaa. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kuna jamaa yake, aliyetambuliwa kwanza Kamerun, anayetegemea protini nyingine, AC2. Wawili hao wakikutana kwenye shina moja, kila mmoja anaizuia kinga kwa njia yake, na ugonjwa unakuwa mkali kuliko wa mmoja. Miaka ya 1990 Uganda ilionja machungu ya virusi vya aina mbili kukutana, hadi wakulima wengi wakaacha kabisa kulima mihogo.

Tumaini lipo. Kuna mihogo inayostahimili batobato, na mwaka 2022 watafiti waligundua siri ya baadhi yake: badiliko dogo kwenye mashine ya mmea ya kunakili DNA. Kirusi hakina mashine yake, huazima ya muhogo.

Mjomba nimemwambia ang'oe mapema mashina yaliyougua, asichukue pingili kwenye shina lenye mabaka, na atafute aina inayostahimili. Kanijibu: "Sawa, lakini mbegu iliyopo ni ya jirani, na shamba lake lote ni manjano." Hapo nikakosa la kusema.

Je, huko kwenu mbegu safi mnaipata wapi? Tupeni uzoefu hapo chini, nitampelekea.