Siku 22 za Estonia: benki na serikali zilipoungana kuulinda mtandao wa nchi

Usiku wa Aprili 26, 2007, fujo zilizuka mitaani Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Serikali ilikuwa ikijiandaa kuihamisha sanamu ya shaba ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji kwenda makaburi ya wanajeshi, na wakazi wengi wenye asili ya Urusi walikasirika. Kesho yake mashambulizi yakahamia kwenye intaneti.

Tovuti za bunge, wizara, magazeti na benki zilimiminiwa maombi ya uongo kutoka kompyuta za nchi nyingi, nyingi zikiwa zimeambukizwa virusi bila wenyewe kujua. Mbinu yenyewe ni kama umati unaotumwa kuziba mlango wa duka ili mnunuzi wa kweli asipite. Gazeti la Postimees lililazimika kuwafungia wasomaji wa nje ya nchi ili wa ndani waendelee kusoma.

Kwa taifa la watu milioni 1.3 lililokwishahamishia maisha yake mtandaoni, hatari ilikuwa kubwa. Machi mwaka huohuo Waestonia walikuwa wa kwanza duniani kupiga kura za ubunge kwa intaneti.

Kikosi cha serikali cha kukabili matukio ya mtandao, kilichoongozwa na Hillar Aarelaid, kilikuwa kimeundwa mwaka 2006 tu. Kilikuwa na watu wachache, lakini kilikuwa na kitu kisichonunuliwa kwa bajeti: wataalamu wa benki, kampuni za intaneti na serikali walikwishakaa pamoja kujiandaa kwa uchaguzi ule. Walijuana kwa majina. Benki ilipoona anwani zinazoishambulia, taarifa ilifika haraka kwa watoa huduma za intaneti, nao wakazifunga. Wataalamu wa kigeni, akiwemo Kurtis Lindqvist wa Sweden, waliwaomba waendeshaji wa mitandao ya nje wayakate mashambulizi kwenye chanzo.

Mei 9, siku Warusi wanapoadhimisha ushindi dhidi ya Wanazi, mashambulizi yalipamba moto. Hansapank, benki kubwa kuliko zote nchini, ilisimamisha huduma zake za mtandaoni kwa zaidi ya saa moja. Kisha zikarejea.

Mashambulizi yalipokoma, Estonia ilikuwa imeshambuliwa kwa siku 22. Baadaye nchi hiyo iliunda kikosi cha kujitolea cha ulinzi wa mtandao, ambamo wafanyakazi wa kampuni binafsi hujifunza pamoja na watumishi wa umma. Katika yote iliyoyafanya, hilo ndilo linalostahili kuigwa kwanza.

Ushirikiano huo haukukosa nyufa. Mwaka 2017 iligundulika kasoro katika chipu za vitambulisho vya Waestonia wapatao 760,000, na serikali ikamshtaki mtengenezaji wa vitambulisho hivyo, Gemalto, ikidai haikuarifiwa kwa wakati. Shauri liliisha mwaka 2021 kwa kampuni kukubali kulipa euro milioni 2.2. Mikataba kati ya serikali na kampuni binafsi lazima iseme wazi nani anamwarifu nani, na ndani ya muda gani.

Afrika Mashariki nayo imeonja mashambulizi ya mtandao. Julai 2023 eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni wa Kenya, ulizidiwa kwa mbinu ileile, na waliotaka viza au tiketi za treni wakakwama, huku malipo ya M-Pesa yakiyumba. Huduma ya serikali na huduma ya kampuni binafsi ziliumia pamoja. Mamlaka za mawasiliano, benki na kampuni za simu za ukanda huu zifanye mazoezi ya pamoja angalau mara moja kwa mwaka, na zianze mwaka huu.