Pasi ya Reli ya Japani na Hesabu ya Msafiri, 1981 hadi 2023

Pasi ya reli ya watalii ni tiketi moja inayomruhusu mgeni kupanda treni za nchi fulani mara nyingi kadiri apendavyo, katika siku zilizowekwa, bila kulipa nauli ya kila safari. Na swali linaloitangulia siku zote ni moja tu, yaani kama inalipa au hailipi. Kwa kawaida swali hilo huchukuliwa kuwa ni la mnunuzi peke yake, ambaye hushika kalamu, akajumlisha nauli za miji anayokusudia kuitembelea, kisha akailinganisha jumla hiyo na bei ya pasi. Historia ya pasi ya reli ya Japani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981, inaonyesha kwamba jibu lilitegemea zaidi hali ya muuzaji: reli ilipokuwa na viti vitupu na madeni, pasi ilikuwa rahisi ajabu, na viti vilipojaa, ukarimu ule ulipunguzwa, kwanza kimyakimya katika ratiba, na hatimaye hadharani katika bei.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Japani. Mwaka 1959 mashirika ya reli ya nchi 13 za Ulaya Magharibi yalianza kuuza kwa pamoja pasi iliyoitwa Eurailpass, ambayo mkazi wa Ulaya hakuruhusiwa kuinunua, kwa kuwa ilikusudiwa wageni kutoka nje ya bara hilo, hasa Wamarekani, na mwanzoni ilikuwa ya daraja la kwanza tu. Vijana wa Ulaya wenyewe walisubiri hadi mwaka 1972, Umoja wa Kimataifa wa Reli ulipotimiza miaka 50, ndipo wakapewa Interrail, ambayo nayo ilikuwa ya wenye umri usiozidi miaka 21. Nyuma ya vikwazo hivyo kulikuwa na hesabu ya kibiashara iliyo wazi. Treni ambayo itaondoka kwa vyovyote vile, ijae isijae, haiongezewi gharama kubwa na abiria mmoja zaidi, na kwa hiyo hata nauli ndogo inayotolewa na mtu ambaye pengine asingepanda kabisa ni faida kwa shirika. Hatari ni kwamba abiria wa kila siku, ambaye angelipa nauli kamili bila kunung'unika, naye ataikimbilia tiketi hiyo. Ndiyo sababu kila pasi ya namna hii huwekewa uzio, uwe wa umri, wa makazi au wa pasipoti, na uzio huo ni sehemu ya bidhaa kama ilivyo bei yake.

Shirika la Reli la Taifa la Japani, lililoundwa mwaka 1949 kuendesha reli za serikali, lilikuwa na kila sababu ya kutafuta abiria wa namna hiyo. Tarehe 1 Oktoba 1964 lilifungua Shinkansen, reli ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kwa treni za mwendokasi, kati ya Tokyo na Shin-Osaka, umbali wa kilomita 515. Na mwaka huohuo ambao dunia nzima iliishangaa kazi hiyo, vitabu vya hesabu vya shirika viliingia katika hasara ambayo havikutoka tena. Barabara kuu za magari na ndege za ndani zilikuwa zikiwachukua abiria, njia nyingi za vijijini ziliendeshwa kwa hasara kwa sababu za kisiasa, na mwaka 1976 shirika lilipopandisha nauli kwa karibu nusu kwa mara moja, watu wengi zaidi waliihama reli. Upo mfano wa awali wa jinsi lilivyozoea kukabiliana na pengo la abiria: mwaka 1970, Maonyesho ya Dunia ya Osaka yalipokwisha baada ya kuvuta watembeleaji milioni 64, lilianzisha kampeni kubwa ya matangazo ya kuwahimiza vijana wa Kijapani, wanawake hasa, watembee nchi yao, ili treni zilizoongezwa kwa ajili ya maonyesho zisibaki tupu.

Pasi ya wageni ya mwaka 1981 inaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa pamoja na ndugu zake. Mwaka huohuo ilitoka tiketi ya wenzi wa ndoa ambao jumla ya umri wao haipungui miaka 88, iliyowaruhusu kuzunguka nchi katika mabehewa ya daraja la juu. Na mwaka uliofuata ikatoka tiketi ya msimu wa likizo, maarufu kwa jina la Seishun 18, ambayo ilibuniwa kwa kuwafikiria wanafunzi lakini ikauzwa kwa mtu wa umri wowote, kwa sharti kwamba apande treni za kawaida zinazosimama kila kituo. Wazee wenye muda, vijana wasio na haraka, na wageni waliotoka mbali: makundi haya matatu hayakuwa na uhusiano wowote isipokuwa kwamba yote yangeweza kujaza viti bila kuigusa nauli ya mfanyabiashara anayetoka Tokyo asubuhi kwenda mkutanoni Osaka. Idadi ya wageni walioingia Japani kwa mwaka ilikuwa bado chini ya milioni 2, na kwa hiyo kosa lolote katika kupanga bei lingekuwa dogo.

Uzio wa pasi hii ulikuwa muhuri wa uhamiaji. Mgeni alinunua kwa wakala wa safari katika nchi yake hati ya kubadilishia, yaani karatasi iliyothibitisha kwamba amekwisha kulipa, ambayo ilidumu kwa miezi 3; alipofika Japani aliipeleka kwenye ofisi maalumu ya kituo kikubwa cha treni au cha uwanja wa ndege, pamoja na pasipoti, na mhudumu akakagua kama ndani yake kuna muhuri wa mgeni wa muda mfupi kabla ya kumkabidhi kadi iliyokunjwa katikati, yenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kadi ile haikuingia katika mashine za langoni, hivyo kila mara mwenye nayo alipitia pembeni, mbele ya dirisha la mhudumu, akaionyesha na kupita. Ni katika mwaka 2020 tu ambapo ilianza kutolewa tiketi ndogo inayoweza kutumbukizwa mashineni, pamoja na mauzo rasmi kwa njia ya intaneti. Sharti la muhuri lilikuwa kali kuliko lilivyoonekana. Mwanafunzi aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa ufadhili wa masomo, akaishi Japani kwa viza ya mwanafunzi, hakuwa na haki ya kuinunua pasi hiyo, ilhali ndugu yake aliyekuja kumtembelea kwa wiki mbili alikuwa nayo. Na hata raia wa Japani anayeishi ughaibuni alitakiwa, kuanzia mwaka 2017, athibitishe kwamba amekaa huko miaka 10 au zaidi.

Mwaka 1987 serikali ililivunja shirika hilo, ambalo kufikia hapo lilikuwa na deni la takriban yeni trilioni 37, na kuligawa katika kampuni 6 za abiria, kila moja na eneo lake, na 1 ya mizigo. Pasi ikabaki kuwa mali ya kampuni zote 6 za abiria kwa pamoja, jambo ambalo huenda ndilo lililoigandisha bei yake, kwa kuwa kampuni zenye maslahi tofauti haziafikiani upesi. Jinsi bei hiyo ilivyoganda ni jambo la kustaajabisha. Pasi ya siku 7 ya daraja la kawaida iliuzwa kwa yeni 28,300 wakati kodi ya mlaji ilipokuwa asilimia 5. Kodi ilipopanda kuwa asilimia 8 mwaka 2014, pasi ikawa yeni 29,110. Ilipofika asilimia 10 mwaka 2019, ikawa yeni 29,650. Mwenye kutaka anaweza kupiga hesabu mwenyewe aone kwamba nyongeza zote mbili ni kodi tupu, na kwamba bei halisi haikuongezwa hata yeni moja.

Ili kuona pasi hiyo ilikuwa na thamani gani, inafaa kujua jinsi nauli ya Japani inavyoundwa. Abiria wa Shinkansen hulipa vitu viwili: nauli ya msingi, inayofuata umbali, na juu yake ada ya mwendokasi, inayofuata aina ya treni na kama kiti kimewekwa nafasi au la. Kati ya Tokyo na Kyoto, kabla ya Oktoba 2023, nauli ya msingi ilikuwa yeni 8,360, na ukiongeza ada ya kiti kilichowekwa nafasi katika treni iitwayo Hikari, jumla ilifika yeni 13,850. Kwenda na kurudi ni yeni 27,700, kiasi ambacho kilikuwa pungufu ya bei ya pasi kwa chini ya yeni 2,000. Lakini mgeni aliyeshukia uwanja wa Narita na kupanda treni ya moja kwa moja hadi Tokyo, kwa yeni 3,070, alikuwa amekwisha kuvuka mstari, na kila alichopanda baada ya hapo kilikuwa bure. Akitoka Kyoto kwenda Nara kwa treni ya mojawapo ya kampuni zile 6, hakulipa; akifika Hiroshima, ambako nauli kutoka Tokyo ilikuwa karibu yeni 19,000 kwa upande mmoja, alikuwa amepata faida kubwa; hata kivuko cha kwenda kisiwa cha Miyajima, kwa kuwa kimoja kati ya vivuko viwili vilivyokuwa vikishindana pale kilikuwa cha reli, kilimpokea kwa pasi ileile. Kwa miaka mingi, basi, ushauri wa vitabu vya mwongozo ulikuwa mfupi: anayetoka Tokyo na kurudi Tokyo baada ya kuiona Kyoto anunue. Ushauri huo ulisahau kwamba pasi haikufanya kazi katika reli za chini ya ardhi, mabasi ya Kyoto wala reli nyingi za kampuni binafsi, lakini kwa ujumla ulikuwa sahihi.

Thamani ilianza kupungua mahali ambapo wachache waliangalia. Mwaka 1992 ilianzishwa treni yenye kasi zaidi iitwayo Nozomi, na wenye pasi hawakuruhusiwa kuipanda. Mwanzoni hilo halikuwa na uzito, kwa sababu Nozomi zilikuwa chache na Hikari ndizo zilizobeba watu. Kuanzia Oktoba 2003, kituo cha Shinagawa kilipofunguliwa, mizani iligeuzwa: saa moja ya pilikapilika ikawa na Nozomi 7 na Hikari 2, na kufikia Machi 2020 Nozomi ziliweza kufika 12 kwa saa huku Hikari zikibaki 2 zilezile. Mgeni aliyelipa bei ileile ya zamani alikuwa sasa amesimama jukwaani akitazama treni ya tatu na ya nne zikiondoka na viti visivyomhusu. Kampuni inayomiliki njia ya Tokyo hadi Osaka hupata sehemu kubwa ya mapato yake katika njia hiyo moja, kutoka kwa wafanyabiashara wanaolipa nauli kamili, na haikuwa na haja ya kuwagawia watalii viti ambavyo ingeviuza kwa bei yake.

Wakati huohuo sababu ya kwanza ya pasi ilikuwa inatoweka. Wageni walivuka milioni 10 kwa mwaka 2013, na mwaka 2019 wakafika milioni 31.88. Hawa hawakuwa tena watu wachache wa kujazia mapengo. Walikuwa umati unaohitaji treni za ziada, nao wote walitaka njia ileile ya Tokyo, Kyoto na Osaka. Baada ya mipaka kufunguliwa tena mwaka 2022 na yeni kushuka thamani hadi karibu 150 kwa dola moja katika mwaka uliofuata, pasi iligeuka kuwa zawadi isiyo na sababu. Oktoba 2023 kampuni zikatangua mgando ule: siku 7 zikapanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, siku 14 kutoka 47,250 hadi 80,000, na siku 21 kutoka 60,450 hadi 100,000. Kama fidia, mwenye pasi aliruhusiwa hatimaye kupanda Nozomi, lakini kwa tiketi ya nyongeza, ambayo kati ya Tokyo na Kyoto ni yeni 4,960 kwa kila upande. Fidia ambayo mtu hulipia ni fidia ya ajabu.

Kwa bei hiyo mpya hesabu ya zamani ilivunjika kabisa. Safari ya kwenda na kurudi Kyoto inafikia kidogo zaidi ya nusu ya bei ya pasi, na hata anayetoka Tokyo hadi Hakata, katika kisiwa cha kusini cha Kyushu, zaidi ya kilomita 1,000, kisha akarudi, hutumia karibu yeni 46,000 na bado hajairudisha fedha yake. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na pasi za maeneo, ambazo kila kampuni huuza katika himaya yake au kwa kushirikiana na jirani mmoja. Maarufu kati ya hizo ni ile inayomchukua msafiri kutoka Tokyo hadi Osaka kwa kuzunguka pwani ya kaskazini kupitia Kanazawa, mji uliofikiwa na Shinkansen mwaka 2015. Ramani yake ina umbo la upinde kwa sababu kampuni mbili zinazoitoa hazina njia iliyonyooka, ambayo ni ya kampuni ya tatu.

Msafiri wa leo anayepanga Tokyo, Kyoto na Osaka kwa wiki moja ni afadhali anunue tiketi za kawaida, na anayeishia katika eneo moja atafute pasi ya eneo hilo. Pasi ya nchi nzima imebaki kumfaa mtu wa aina moja, yule ambaye ndani ya siku 7 atatoka Kyushu hadi Hokkaido, kaskazini, na kushuka kila atakapotaka njiani, na huyo pia afanye jumla ya nauli zake kabla ya kulipa.