Kikorombwezo cha Kupachika

Katika maneno yanayowataabisha wafasiri wa habari za magari, mojawapo ni lile la Kiingereza linalovitaja vitu ambavyo mwenye gari hutiliwa baada ya kulinunua, nalo aghalabu hufasiriwa kwa pupa kuwa "vifaa vya baada ya soko", kana kwamba soko limevunjika na wachuuzi wamekwisha kukunja mikeka yao, ndipo vifaa hivyo vikaja. Waliolibuni hawakukusudia hayo. Walikusudia soko la pili, lifungukalo gari likishauzwa, ambamo watu wasiokuwa waundaji wake huuza redio, alamu, taa za ukungu na hata viti.

Kwa jumla ya vitu hivi tunalo neno letu zuri, vikorombwezo, tunalolitumia kwa kachumbari na pilipili ziandamanazo na pilau. Lililobaki ni kupambanua aina zake mbili, na hapo mwalimu wangu alikuwa fundi umeme mmoja niliyemwendea kwa sababu kila nikiwasha taa za ukungu, nilizotiliwa na fundi mwingine, fyuzi ya redio iliungua. Alivua kifuniko chini ya usukani, akavuta kishada cha waya: zile za kiwandani zimefungwa pamoja, kila moja na rangi yake, zikiishia katika soketi iliyokaza barabara, na kando yake waya moja nyekundu, iliyomenywa ncha, ikasokotwa juu ya waya ya redio na kuviringwa utepe mweusi uliokwisha kulainika kwa joto. "Mzee wangu," akasema, "hii haikuzaliwa na gari, hii imepachikwa."

Hesabu yake ni nyepesi. Taa mbili za wati 55 kila moja, katika umeme wa volti 12, huvuta ampea zaidi ya 9, na fyuzi ile ilikuwa ya ampea 10 na tayari ina mzigo wa redio. Ilipoungua ilitimiza wajibu wake.

Basi naona istilahi tumekwisha kupewa: kikorombwezo cha kuzaliwa nacho, na kikorombwezo cha kupachika. Wauzaji hupenda kusema "jenuini", lakini neno hilo hupambanua halisi na bandia, ilhali redio ya kupachika yaweza kuwa halisi kabisa.

Amma katika kuchagua, mifuko ya hewa sharti gari lizaliwe nayo, kwa kuwa vihisio vyake, waya zake na umbo la bodi vilipimwa pamoja tangu mwanzo, wala hapana fundi wa mtaani awezaye kuvipima upya. Lakini asili nayo ina kwao. Gari lililotumika Japani, likashushwa Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingi huja na redio iliyoundwa kushika FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, na vituo vyetu viko baina ya 88 na 108. Mwenye kuing'ang'ania kwa kuwa ni ya kiwandani hukosa vituo vingi akabaki na mngurumo, na kwake redio ya kupachika ndiyo iliyo bora.

Taa zangu fundi yule alizipa waya zake, rilei yake, na fyuzi yake ya ampea 15 karibu na betri. Zinawaka hadi leo, na bado ni za kupachika.